Injini isiyo na rejeta: kuitunza na kuirekebisha Volkswagen Beetle jijini Mwanza

Beetle halina rejeta, halina maji, wala geji ya joto kwenye dashibodi. Likichemsha halitoi mvuke wa kukusimamisha. Linaendelea kutembea, linakosa nguvu kidogo kwenye mlima, na wewe unadhani ni petroli mbaya. Kumbe valvu ya silinda namba 3 inaungua. Siku kichwa cha valvu kitakapokatika na kuingia kwenye pistoni, utakuwa umepoteza hedi (kichwa cha silinda), pistoni na pengine kesi nzima, yaani mwili wa injini. Kwa hiyo anayetaka gari hili lidumu ashughulike kwanza na mambo matatu: hewa ya feni, oili, na nafasi za valvu, yaani mwanya kati ya kila valvu na skrubu inayoisukuma. Mengine yote yanaweza kusubiri Jumamosi.

Mwanza inaongeza mambo yake. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo hata ukiwa Kirumba ufukweni hewa ni nyepesi kwa takribani sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Milima ya Bugando na Isamilo inalazimisha injini kufanya kazi nzito kwa mwendo mdogo. Vumbi la barabara za pembezoni, kuelekea Kisesa au Usagara, linaingia kila upenyo. Na wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaosimama juu ya maji kama nguzo za moshi, wakivutwa na feni hunasa kwenye kipoza oili chenye mafuta mafuta na kuziba njia ya hewa.

Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2003 huko Puebla, Meksiko, na injini zake zimebadilishwabadilishwa mno. Vipimo vilivyomo humu ni vya injini za 1200, 1300, 1500 na 1600 za kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Gari likiwa la zamani zaidi, angalia kwanza betri na balbu: mengi yalikuwa ya volti 6, na ukilifunga betri ya volti 12 bila kubadilisha balbu, koili na vinginevyo, utaunguza vitu ndani ya dakika chache.

Vifaa unavyohitaji ni vichache. Spana za 10, 13, 17 na 21, boksi ya 36, bisibisi pana, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), spana ya plagi, na taa ya majaribio ya volti 12 ambayo unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa balbu ndogo na waya mbili. Boksi ya 36, ya nati kubwa za eksli ya nyuma, ndiyo ngumu kupata, na mafundi wengi hutumia patasi na nyundo badala yake. Usikubali wafanye hivyo kwenye gari lako.

Jifunze pia namba za silinda, kwa sababu kosa hapa linaharibu kila kitu kinachofuata. Simama nyuma ya gari ukitazama injini. Kulia kwako, upande wa dereva kwa magari yetu ya usukani wa kulia, ni namba 1 na 2. Namba 1 ndiyo iliyo mbele, karibu na kiti cha nyuma, na namba 2 iko karibu nawe. Kushoto ni namba 3 mbele na namba 4 karibu nawe. Mpangilio wa moto ni 1-4-3-2, na rota ya distributa (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) huzunguka kama mshale wa saa.

Hewa

Feni iko ndani ya boma la bati juu ya injini. Inavuta hewa kutoka chumba cha injini na kuisukuma chini kupitia mapezi ya silinda, kisha hewa ya moto inatokea chini ya gari. Mfumo mzima unategemea jambo moja: hewa baridi ya juu isichanganyike na hewa moto ya chini. Kinachozitenga ni mabati yanayozunguka injini na raba ndefu inayobana ukingoni kati ya mabati hayo na bodi.

Fungua kifuniko cha nyuma, angalia raba hiyo pande zote. Ikiwa imekauka, imekatika au haipo kabisa, feni inavuta tena hewa ileile iliyokwisha kupata moto. Raba mpya si ghali na hakuna spea nyingine katika gari hili yenye faida kubwa kiasi hicho kwa bei hiyo. Angalia pia vikombe vya raba vya waya za plagi vinavyoziba matundu kwenye mabati, na matundu mawili makubwa ya mipira ya hita. Wengi wameng'oa hita kwa sababu Mwanza haina baridi, jambo ambalo si kosa, lakini wameyaacha matundu wazi na hewa inapotelea huko badala ya kwenda kwenye silinda. Yazibe kwa vifuniko vya bati vilivyobana vizuri.

Mabati madogo yaliyo chini kati ya silinda ndiyo yanayopotea zaidi. Fundi anafungua injini, anabaki na vipande viwili asivyojua vinakaa wapi, anavitupa. Bila hivyo hewa inapita katikati bila kugusa upande wa chini wa silinda. Kabla ya kulipa kazi ya kufungua injini, hesabu mabati yaliyotoka na uhesabu yanayorudi.

Ndani ya boma la feni kuna milango midogo inayoendeshwa na thamostati iliyo chini ya silinda 1 na 2. Injini ikiwa baridi inafungwa, ikipata joto inafunguka. Ikikaa miaka bila kuguswa, fimbo na milango vinaweza kushika kutu ikiwa imefungwa, na hapo injini inakosa hewa kabisa. Isukume kwa mkono: lazima iende na kurudi bila kukwama. Kwa hali ya hewa ya Mwanza, kama thamostati imekufa na hupati nyingine, iache milango ikiwa wazi moja kwa moja. Injini itachelewa kidogo kupata joto asubuhi, basi.

Gari lililolala miezi mingi usiliwashe kabla ya kuchungulia ndani ya boma la feni kwa tochi. Panya hupenda pale, nyigu nao hujenga. Kipoza oili chenyewe kinasimama upande wa kushoto. Katika injini za kabla ya 1971 kiko ndani ya boma, mbele kabisa ya njia ya hewa ya silinda namba 3. Ndiyo sababu silinda hiyo huwa na joto kuliko nyingine zote, na ndiyo sababu distributa nyingi za zamani ziliundwa zicheleweshe moto wa namba 3 kwa karibu nyuzi 4. Injini za baadaye zilihamishiwa kipoza kwenye njia yake ya pembeni. Kipoza kikiwa na utando wa oili na wadudu, kisafishe kwa petroli na brashi laini injini ikiwa baridi, kisha kipulizwe kwa upepo wa kompresa.

Mkanda wa feni

Mkanda mmoja unazungusha dinamo na feni kwa pamoja, kwa sababu vyote viko kwenye shafti moja. Kwa hiyo taa nyekundu ya dinamo ikiwaka ghafla njiani, usiwaze betri. Waza feni. Zima injini papo hapo, hata kama umebakiza mita 200 kufika nyumbani. Kilomita moja ya kupanda bila feni inatosha kuua injini.

Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati: unapaswa kulegea kama milimita 15. Ukibana kupita hapo unakula beringi za dinamo, ukilegea unateleza. Hakuna bolti ya kuvuta dinamo kama kwenye Toyota. Puli ya juu imegawanyika nusu mbili, na katikati kuna washa nyembamba. Ingiza bisibisi kwenye mkato ulio ukingoni mwa puli ya ndani, iegemeze kwenye bolti ya dinamo ili puli isizunguke, kisha legeza nati kwa spana ya 21. Ukitoa washa moja katikati, nusu za puli zinasogeleana na mkanda unapanda juu, yaani unakaza. Washa uliyoitoa usiitupe. Ivishe upande wa nje chini ya nati, kwa sababu utaihitaji siku ya kufunga mkanda mpya. Unapokaza nati, zungusha injini polepole ili mkanda usibanwe kati ya nusu mbili za puli.

Mkanda wa kawaida kwa injini hizi zenye dinamo ya volti 12 ni 9.5 x 905. Kaa na mmoja wa akiba na spana ya 21 ndani ya gari kila siku, na mwingine ukivuka Daraja la Kigongo–Busisi kuelekea Sengerema au Geita.

Oili

Injini inachukua lita 2.5 tu. Kosa la kawaida ni kumimina galoni ya lita 4 yote kwa mazoea ya magari mengine. Nyuma ya puli ya krenkshafti hakuna sili ya raba. Kuna sahani na mfereji wa kurudisha oili ndani. Oili ikizidi, inatokea hapo, inapakaa mkanda, inapulizwa kwenye mabati na kushika vumbi. Ukiona oili kwenye puli, kwanza pima kijiti kabla ya kulaumu injini. Kama kipimo ni sahihi na bado inavuja hapo, ringi za pistoni zimechoka na gesi inasukuma oili nje.

Tumia SAE 30 au 20W-50. Kwa gari linalopakia kila siku na kupanda milima mchana, SAE 40 nayo inakubalika. Injini hii haina filta ya oili ya kubadilisha. Ina chujio la waya tu chini ya kesi, ambalo linazuia vipande vikubwa na kuacha vumbi laini lipite. Kwa hiyo oili yenyewe ndiyo filta, na kuitoa ndiyo kusafisha. Kitabu cha kiwanda kinasema kilomita 5,000. Kwa barabara zetu za vumbi, badilisha kila kilomita 2,500.

Toa oili injini ikiwa na moto. Legeza bolti ya katikati ya sahani ya chini, acha itiririke dakika 15. Kisha fungua nati sita ndogo za spana ya 10, shusha sahani na chujio. Osha chujio kwa petroli na uangalie kilichonaswa: unga mweusi ni kawaida, vipande vya rangi ya shaba au fedha vinavyong'aa ni beringi. Funga kwa gasketi mbili mpya za karatasi, moja juu ya chujio na moja chini, na washa sita mpya za shaba. Kaza kwa mkono mwepesi, nyutonimita 7 tu. Kesi ni ya magnesi, na stadi zinazoshika nati hizo zinang'oka na meno yake kwa mtu mmoja aliyekaza kwa hasira. Sahani nyingine hazina bolti ya katikati. Hizo unalegeza nati zote kidogo kidogo na kuacha oili ipenye pembeni.

Pima kijiti gari likiwa pahali tambarare, na injini imezimwa dakika kadhaa. Yadi nyingi za Mwanza ziko kwenye mteremko, kwa hiyo tafuta sehemu sawa kweli. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna zaidi ya lita moja, yaani karibu nusu ya oili yote.

Oili chafu iende kwenye dumu na dumu liende kwa wanaokusanya. Mfereji wa mtaani unaishia ziwani, na maji tunayokunywa yanatoka humohumo.

Nafasi za valvu

Hii ndiyo kazi ambayo kila mwenye Beetle anapaswa kuiweza kwa mikono yake mwenyewe. Inachukua saa moja na nusu mara ya kwanza, dakika arobaini ukizoea.

Kwenye injini hii, joto likipanda silinda na hedi hurefuka kuliko fimbo za kusukuma, hivyo nafasi huongezeka kidogo. Lakini kadiri kilomita zinavyokwenda, valvu ya eksozi hurefuka na kiti chake huzama, na nafasi hupungua hadi kwisha. Valvu isiyofunga sawasawa haigusi kiti chake, na kiti ndicho kinachoinyonya joto. Ndipo inapoungua. Kwa hiyo valvu inayogongagonga kidogo isikusumbue. Ogopa ile iliyokaa kimya.

Nafasi ni milimita 0.15 kwa valvu zote nane, injini ikiwa baridi kabisa. Baridi hapa maana yake imelala usiku mzima. Gari lililoegeshwa juani saa saba mchana si baridi, hata kama halijawashwa tangu jana. Fanya saa kumi na mbili asubuhi. Injini za zamani zaidi zilikuwa na vipimo tofauti. Kama kuna kibandiko cha kiwanda kwenye boma la feni, kifuate hicho.

Toa kifuniko cha distributa. Zungusha injini kwa spana kwenye nati ya dinamo hadi rota ielekee kwenye mkato mdogo ulio kwenye ukingo wa distributa, na alama ya puli ya chini ikae sawa na mstari unaogawa kesi ya injini. Hapo silinda namba 1 iko juu na valvu zake zote mbili zimefungwa. Ukitoa plagi zote nne kwanza, injini inazunguka kwa urahisi. Piga alama ya rangi kwenye puli upande wa pili kabisa wa ile ya kiwanda, itakusaidia baadaye.

Ingia chini, weka bisibisi juu ya waya wa chemchemi unaoshika kava ya valvu, usukume chini. Kava inatoka, na oili kidogo inamwagika. Kwenye kila hedi valvu mbili za pembeni ni za eksozi, mbili za katikati ni za kuingiza. Kwa silinda namba 1, basi, ni ya mwisho kabisa mbele na inayoifuata.

Pitisha fila geji ya 0.15 kati ya skrubu na mguu wa valvu. Inapaswa kupita huku ukihisi inasuguliwa kidogo. Ikigoma au ikicheza, legeza nati ya spana ya 13, geuza skrubu kwa bisibisi, ishikilie isizunguke, kaza nati, kisha pima tena. Kupima tena ni lazima, kwa sababu kukaza nati hubadilisha nafasi karibu kila mara. Ukiona ncha ya skrubu imechimbika shimo, fila geji itakudanganya: inalala juu ya kingo za shimo na nafasi halisi inakuwa kubwa zaidi. Badilisha skrubu.

Ukimaliza namba 1, zungusha puli ya chini nusu mzunguko kinyume cha saa, hadi alama yako ya rangi ifike kwenye mstari wa kesi. Sasa ni zamu ya namba 2. Nusu nyingine kinyume, namba 3. Nusu nyingine, namba 4. Ukirudi nyuma hivi unafuata 1, 2, 3, 4 bila kukimbia upande hadi upande.

Andika kwenye daftari kila valvu uliyoikuta ikoje kabla hujairekebisha. Daftari hilo lina thamani kuliko geji yoyote. Valvu ya eksozi ya namba 3 ikikutwa imebana mara moja, rekebisha uendelee. Ikikutwa imebana tena baada ya kilomita 2,000, na tena, mguu wake unavutika au kiti kinaondoka. Toa hedi sasa, wakati ukarabati ni wa valvu moja, kabla kichwa hakijakatika. Pima kila kilomita 5,000, na kwa injini iliyofanyiwa ukarabati, mara ya kwanza iwe kilomita 500.

Gasketi ya kava ibandike kwa grisi. Silikoni inayobaki ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la oili.

Platini, plagi na taimingi

Nafasi ya platini (swichi ndogo ndani ya distributa inayokatiza umeme wa koili) ni milimita 0.4 kiguu chake kikiwa kwenye pembe ya juu ya kemu. Uso wake ukiwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, weka mpya pamoja na kondensa. Paka tone dogo la grisi kwenye kemu. Bila hiyo kiguu cha platini kinalika, nafasi inapungua, na moto unachelewa bila wewe kugusa kitu.

Plagi ni za meno ya milimita 14, shingo fupi ya milimita 12.7, mfano NGK B5HS au B6HS, nafasi 0.6 hadi 0.7. Muuza spea akikupa ya shingo ndefu yenye meno yaleyale, itaingia vizuri na kugonga pistoni. Ilinganishe na ya zamani kabla ya kuifunga. Hedi ni ya alumini: anza kuizungusha kwa vidole au kwa kipande cha mpira kilichovishwa juu ya plagi, na spana ije mwisho.

Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto, huwekwa baada ya platini, si kabla, kwa sababu nafasi ya platini inaisogeza. Kwa distributa nyingi za miaka ya 1960 zenye kibuyu cha vakyumu, ni nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika kilele. Leta alama hiyo ya puli kwenye mstari wa kesi ukizungusha kama saa, rota ikielekea namba 1. Unganisha taa ya majaribio kati ya terminali namba 1 ya koili na bodi, washa swichi bila kupiga stata. Legeza bolti ya distributa, izungushe kama saa hadi taa izime, kisha kinyume polepole mpaka inapowaka tu. Kaza hapo. Kama injini ina distributa isiyo na vakyumu, ile ya 009, kipimo cha maana ni cha mwendo wa juu: nyuzi 28 hadi 32 injini ikizunguka zaidi ya mara 3,500 kwa dakika, kwa taa ya taimingi. Kupita 32 kunaleta mgongano wa moto ambao masikio hayasikii katika kelele za injini hii, na joto linapanda.

Kabureta ya Solex iliyopangwa kwa usawa wa bahari, hapa Mwanza inatoa petroli nyingi kidogo kuliko hewa. Baadhi ya mafundi hushauri jeti kuu (tundu la kupimia petroli) ndogo kwa namba moja. Tungeiacha ya kiwanda. Mchanganyiko mzito kidogo hupoza silinda. Unaokosa petroli huzichoma.

Kichujio cha hewa cha zamani ni cha bakuli la oili. Ukikifungua na kukuta juu ya tope imebaki oili ya milimita 4 au 5 tu, osha bakuli, jaza oili mpya hadi kwenye alama. Kiangazi, kwa gari linalopita barabara za vumbi, hiyo ni kazi ya kila wiki.

Moto

Beetle nyingi hazifi kwa uzee, zinaungua. Mipira ya petroli ndani ya chumba cha injini inakauka, inapasuka, na petroli inadondokea karibu na distributa. Badilisha mipira yote kila mwaka, tumia ya petroli kweli yenye kipenyo cha ndani cha milimita 5, na ifungwe kwa klipu kila mwisho. Filta ya petroli ya plastiki isining'inie juu ya injini. Ifungwe chini, kabla ya petroli kuingia chumba cha injini. Kisha shika mrija wa shaba unaoingiza petroli kwenye kabureta, uuvute. Umebanwa tu bila meno, na kwenye kabureta za zamani hutoka kwa mtikisiko. Ukicheza, usiendeshe mpaka urekebishwe.

Betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Chemchemi za kiti zikigusa vichwa vyake wakati mtu mzito ameketi, nyasi za ndani ya kiti zinashika moto. Kifuniko cha betri kiwepo, na kisipokuwepo weka kipande cha mpira mnene kilichofungwa imara. Kizimamoto cha unga kikae ndani karibu na dereva, kwa sababu tangi la petroli liko mbele na injini nyuma. Kesi ya magnesi ikishika moto, maji yanauchochea.

Breki, klachi na mengineyo

Pedali ya breki ikizama, usikimbilie kutoa upepo. Rekebisha kwanza viatu vya breki: kila ngoma ina nyota mbili, zikaze kwa bisibisi mpaka gurudumu ligome, kisha urudishe meno mawili au matatu. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Ukitoa upepo, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, la nyuma kushoto kwa magari ya usukani wa kulia. Maji ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Yananyonya unyevu, na kushuka Bugando na maji ya breki yanayochemka ni hatari.

Pedali ya klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kushika. Gari likitetemeka unapoondoka, angalia bomba la waya wa klachi karibu na giaboksi: linapaswa kupinda kushuka kati ya milimita 25 na 45. Likinyooka, klachi inatetemeka hata ikiwa mpya.

Stata ikizunguka kwa uvivu na betri ni nzima, fungua mkanda wa shaba unaounganisha giaboksi na bodi, usugue kwa msasa pande zote mbili. Unyevu wa huku huuozesha.

Giaboksi ni lita 2.5 za SAE 90 ya GL-4 unapobadilisha, hadi ukingo wa tundu la kujazia. Nati kubwa za eksli ya nyuma zinakazwa kwa nyutonimita 300 hivi: mtu wa kilo 60 akisimama kwenye mpini nusu mita kutoka kwenye nati. Upepo wa tairi za radial ni psi 18 mbele na 27 nyuma. Anayejaza 30 kote anapewa gari linalotangatanga barabarani.

Ziwa letu ni la maji baridi, hivyo kutu ya hapa haitokani na chumvi kama ya pwani. Inatokana na tope lililokaa. Masika na vuli zikiisha, inua zulia, toboa kwa bisibisi sakafu chini ya betri na mabomba marefu yaliyo chini ya milango. Bisibisi ikipenya, peleka kwa fundi wa kuchomelea bati jipya. Putii juu ya tundu inafuga maji.

Kupanda Isamilo, tumia gia ya pili na acha injini ivume. Feni inazunguka karibu mara mbili ya mwendo wa injini, kwa hiyo injini inayojikokota kwenye gia ya tatu inapata mzigo mkubwa na upepo mdogo kwa wakati mmoja.

Na unapotaka kujua kama injini inastahili pesa zako, izime, shika puli ya chini kwa mikono miwili, isukume kuelekea mbele kisha uivute kwako kwa nguvu. Nafasi halali ni milimita 0.07 hadi 0.13, ambayo mkono hauihisi kabisa. Ukisikia inagonga "ko" kila upande, kiti cha beringi kuu ndani ya kesi kimelika. Hapo usinunue ringi wala pistoni. Kesi ifunguliwe na kupimwa kwanza, na kama ni gari la kununua, punguza bei ya injini nzima.